Tebo zimekrashi na watu wanakata tiketi: fanya hivi kabla hujagusa REPAIR

Wazee habari za saa hizi. Naandika hii kwa ajili ya wenzangu wanaoshika seva za watu, hasa huku kwetu Tanga ambako mara nyingi mtu mmoja ndo fundi wa mtandao, ndo fundi wa printa, ndo anayepigiwa simu saa nane usiku, na siku databesi, yaani programu inayotunza data za mfumo, ikikorofisha hana wa kumuuliza. Tebo nazozisema ni hizi za databesi, jedwali kwa Kiswahili cha darasani, na mifano yangu yote ni ya MySQL na MariaDB, programu mbili za databesi zinazofanana, kwa sababu ndo tunazozikuta kwenye seva nyingi.

Neno langu ni moja na nalisema mapema ili hata ukiishia hapa uwe umeondoka nalo: kopi kwanza, ripea (kutengeneza tebo kwa amri ya REPAIR) baadaye. Tebo ikikrashi data nyingi bado zimo ndani, zimekaa tu hazisomeki vizuri. Anayekuja kuzimaliza mara nyingi ni fundi mwenye haraka.

Hili nalijua kwa machungu. Mfumo ninaoushika ni wa tiketi za mabasi, seva yenyewe iko chumba cha nyuma kwenye ofisi moja Ngamiani, na ilikuwa siku mbili kabla ya Idi, watu wanakata tiketi za Dar, Arusha, Korogwe, Lushoto, kila mtu kwa wakati mmoja. Umeme ukakatika ukarudi ukakatika tena, UPS, kile kifaa cha kushikilia umeme kwa muda, betri yake ilikuwa imeshachoka na mi nilikuwa naijua hali yake, seva ikazima ghafla. Ilipowaka tovuti ikawa inatoa maandishi haya: Table './tiketi/abiria' is marked as crashed and should be repaired. Nikalisoma lile neno la mwisho tu. Nikaingia nikaandika REPAIR TABLE abiria, enta, sekunde chache ikamaliza ikaleta kaujumbe nisikokasoma: Number of rows changed from 18462 to 18431. Tovuti ikarudi, mzee mwenye ofisi akaniambia Mungu akubariki mwanangu, nikaenda kula.

Kesho yake alfajiri pale stendi ya Kange wakaanza kutokea abiria wana meseji ya tiketi kwenye simu na mfumo hauwajui kabisa, siti zao zimeshauzwa kwa wengine. Kulikuwa na mama ana watoto watatu anaenda Arusha, amekaa juu ya begi lake anatusubiri tumweleze. Ile tofauti ya 18462 na 18431 ni mistari 31, na kila mstari ni mtu. Na kwa vile sikuwa nimekopi lile faili lilivyokuwa kabla ya ripea, sikuwa na pa kurudi kujaribu njia nyingine. Basi haya yanayofuata ndo ninayofanya sasa, kwa mpangilio huuhuu, na yameshanisaidia zaidi ya mara moja.

Kwanza kabisa soma kosa lote, usisome nusu. Kwenye Ubuntu na Debian angalia /var/log/mysql/error.log, kwenye familia ya Red Hat mara nyingi ni /var/log/mysqld.log au folda ya /var/log/mariadb, na kama halionekani kokote basi:

journalctl -u mysql -n 200

(kama ni MariaDB weka mariadb badala ya mysql). Ukikutana na kosa lina namba tu, kuna kaprogramu kanaitwa perror kanakuja pamoja na MySQL, unakapa namba kanakwambia maana yake. Hizi za kuzijua kwa moyo ni 145, tebo imewekewa alama ya kukrashi, 126 na 127, faili la indeksi (orodha ya kutafutia mistari haraka) au la data limeharibika, 144, tebo imekrashi na ripea ya mwisho ilishindwa, na 28. Hiyo 28 ishike sana. Maana yake diski imejaa, basi, tebo inaweza ikawa haina ugonjwa wowote.

Na hapa pana mtego ambao umewanasa wengi. Unaweza kuona Incorrect key file for table ikifuatiwa na jina la ajabu linaloanzia /tmp/#sql na mwishoni imeandikwa try to repair it. Mtu anaanza kuripea tebo zote moja moja usiku kucha. Lile faili la /tmp siyo tebo yako jamani, ni tebo ya muda ambayo databesi imeitengeneza yenyewe ili kujibu kweri nzito, yaani swali kubwa la kutafuta data, na /tmp ikijaa katikati ndo inatoa kelele hiyo. Kwa hiyo kabla ya lolote:

df -h
df -i

Ya kwanza inakuonesha nafasi, ya pili inakuonesha inode, yaani idadi ya mafaili ambayo diski inaweza kubeba, maana diski inaweza kuwa na nafasi tele lakini imejazwa vifaili vidogo vidogo vya kashe (akiba ya muda) hadi hakuna pa kuandikia jina la faili jipya. Angalia mstari wa /, wa /var na wa /tmp kama imetengwa peke yake.

Ikiwa imejaa, tafuta nafasi kwa adabu. Usiingie /var/lib/mysql ukaanza kufuta, hata faili liwe na jina usilolielewa, hasa usilolielewa. Logi za zamani punguza kwa journalctl --vacuum-size=200M, logi moja kubwa ya nginx (programu inayopokea watu wa tovuti) ipunguze kwa truncate -s 0 badala ya kuifuta kwa rm, kwa sababu ukifuta faili ambalo programu bado imelishika nafasi hairudi mpaka programu hiyo iachie. Binlogi za MySQL, kumbukumbu za kila badiliko la data, nazo zinakula diski sana ila zipunguze kwa kutumia PURGE BINARY LOGS ndani ya databesi yenyewe na siyo kwa mkono, na kama unahisi zitakufaa kurudisha data leo, usiziguse kabisa, zihamishie kwingine.

Halafu muulize keneli, kiini cha Linux yenyewe, kilichotokea:

dmesg -T | grep -i -E 'killed process|i/o error|ext4|ata'

Ukiona Out of memory na pembeni mysqld, basi memori iliisha na keneli ikaiua databesi ili mashine ipumue. Ukiona I/O error, hapo moyo uende mbio kidogo, diski yenyewe inakufa, pima kwa smartctl -a /dev/sda uangalie Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, zikiwa zinapanda basi usiripee chochote kwenye diski hiyo. Ripea inaandika na kusoma mno, unamkimbiza mgonjwa mlimani. Kopi data zitoke hapo kwanza, kazi ifanyike kwenye diski nyingine.

Sasa funga mlango. Seva yenye watu wengi ina tatizo lake la ziada, kwamba wakati we unahangaika watu wanaendelea kubonyeza, kila anayebonyeza anafungua koneksheni inasubiri tebo iliyokufa, zinarundikana hadi zinafika 151 ambayo ndo kikomo cha kawaida cha max_connections, halafu hata we mwenyewe unaambiwa Too many connections. Bahati nzuri MySQL huwa inaacha nafasi moja ya ziada kwa msimamizi mwenye mamlaka ya juu, ndo maana tovuti isitumie akaunti ya root, maana itaimeza na hiyo nafasi. Kwenye nginx weka

return 503;

kwenye eneo la tovuti, iletee ukurasa mfupi wa kistaarabu, reload, basi. Hiyo 503 inaziambia hata injini za utafutaji kuwa ni kwa muda tu. Mwenye biashara atalalamika. Mi mzee alinipigia, mwanangu watu wanapiga simu kutoka Muheza wanasema hakuna tovuti, nikamwambia shikamoo baba, nifunge saa moja au nipoteze abiria tena kama ile Idi? Akasema funga. Mueleze mapema, kabla halijatokea, ili siku hiyo asikubishie.

Na mawakala wa stendi waambie waandike kwenye daftari kwa mkono mpaka uwaambie. Usidharau daftari.

Baada ya hapo zima databesi kwa utaratibu na ukopi:

systemctl stop mysql
du -sh /var/lib/mysql
rsync -a /var/lib/mysql/ /mnt/nje/mysql-kabla/

Kuzima kunaweza kuchukua dakika kadhaa, inamwaga iliyokuwa nayo kwenye memori kwenda diski, iache, usije ukapiga kill -9 kwa sababu umechoka kusubiri. Na /mnt/nje iwe diski nyingine kweli au mashine nyingine kupitia ssh, siyo folda jirani kwenye diski hiyohiyo. Kopi hii ikishakamilika usiiguse. Ukitaka kufanya majaribio fanya kopi ya kopi. Hapa ndo mapigo ya moyo yanashuka, kwa sababu kuanzia sasa kosa lolote utakalofanya lina pa kurudi.

Washa tena databesi ukiwa umefunga mlango na ujue tebo zako ni za injini gani, yaani namna databesi inavyozitunza, maana dawa ni tofauti kabisa:

SELECT TABLE_NAME, ENGINE FROM information_schema.TABLES WHERE TABLE_SCHEMA='tiketi';

Tangu MySQL 5.5 ya mwaka 2010 injini ya kawaida ni InnoDB, lakini utashangaa ni tebo ngapi bado ziko MyISAM, na sababu ni kwamba mfumo ulihamishwa kutoka seva ya zamani kwa faili la dampu, yaani tebo na data zake zikiwa zimetolewa kama maandishi ya amri, na kwenye dampu kila tebo imeandikwa injini yake, ENGINE=MyISAM, kwa hiyo inazaliwa upya na ugonjwa uleule wa babu yake. Kwenye MariaDB utaona pia Aria, hizo ni hasa tebo za mfumo wenyewe.

Kabla hujaripea jiulize tebo hii ina nini. Hili sikuwa nalifikiria zamani. Kama iliyokrashi ni tebo ya sesheni za watu walioingia, au ya kashe, au ya hesabu za waliotembelea, kwa nini uteseke nayo? Piga TRUNCATE TABLE sesheni, inatengenezwa upya ikiwa tupu hata kama mafaili yake yameharibika, watu wataingia tena na paswedi zao, hakuna aliyepoteza kitu. Nguvu zako ziweke kwenye abiria, malipo, ratiba. Na tebo za sesheni ndo hukrashi sana kwa vile kila bonyezo la mtu linaandika humo.

MyISAM. Kila tebo ina faili la .MYD ambalo ni data na .MYI ambalo ni indeksi (na .frm ambalo ni umbo lake, ila MySQL 8.0 imeachana na .frm). Mara nyingi kilichoharibika ni indeksi tu na data ni nzima, na indeksi inajengwa upya kutoka kwenye data. Ndo maana unaanza na dawa nyepesi:

CHECK TABLE abiria;
REPAIR TABLE abiria QUICK;

QUICK inagusa indeksi tu haigusi data. Ikikubali vizuri, CHECK tena, ikisema OK umemaliza hapo. Ikikataa, REPAIR TABLE abiria bila neno lolote, na hii sasa inaandika upya faili la data kwa hiyo inahitaji nafasi ya diski karibu sawa na ukubwa wa tebo yenyewe, diski ikijaa katikati ya ripea tebo inabaki imewekewa alama ya kukrashi na umerudi nyuma. Na seva ikizimika katikati ya REPAIR, ikiwaka tu jambo la kwanza ni kuirudia REPAIR kabla hujafanya kingine chochote kwenye tebo hiyo. Kwa hiyo kama umeme wa siku hiyo unachezacheza na UPS huiamini, subiri utulie au kahamishie kopi kwenye laptopu yenye betri ufanyie huko. Nimeshafanya hivyo, laptopu kwenye baraza, tebo ikapona huko, nikairudisha.

Soma ule ujumbe wa mwisho. Ukisema idadi ya mistari imebadilika, simama. Chukua kopi nyingine ya tebo hiyo kutoka kwenye ile uliyoihifadhi, databesi ikiwa imezimwa, ujaribu kwa myisamchk:

myisamchk -o abiria.MYI

Hiyo -o ni njia ya zamani, inapita mstari kwa mstari, inachelewa mno lakini kuna visa vichache inavyoviweza ambavyo -r, ripea ya kawaida ya myisamchk, haiviwezi. Sisitizo: myisamchk haipigwi wakati databesi inatumia mafaili hayohayo. Wote wawili wataandika na utaharibu kilichokuwa kizima. REPAIR TABLE na mysqlcheck ndo za databesi ikiwa hai, myisamchk ni ya databesi ikiwa imezimwa. REPAIR TABLE abiria USE_FRM iache iwe ya mwisho kabisa, pale .MYI haipo au kichwa chake kimekufa, na ukiitumia jua kwamba hesabu ya AUTO_INCREMENT, ile namba inayojiongeza yenyewe kwa kila mstari mpya, inapotea, kwa hiyo angalia namba kubwa kuliko zote kwenye tebo uiweke mwenyewe kwa ALTER TABLE.

Tebo zikiwa nyingi usiandike moja moja:

mysqlcheck --check --auto-repair tiketi

Lakini hii ni baada ya kopi, maana yenyewe haikuulizi. Kwenye MariaDB mpya majina yanaanza na mariadb, mariadb-check, mariadb-dump, kazi ni ileile.

Sasa InnoDB, na hapa nitakaa kidogo.

InnoDB ukiipigia REPAIR inakujibu kwamba injini hii haina ripea. Siyo kwamba imekuacha yatima. InnoDB ni kama muuza duka mwenye madaftari mawili, akiuza kitu anaandika haraka kwenye daftari la pembeni, jioni ndo anahamishia kwenye daftari kubwa. Likimkuta jambo katikati ya siku, analifungua lile la pembeni anaendelea alipoishia. Daftari la pembeni ndo redo logi. Juu ya hapo kurasa zake ni za kilobaiti 16 na diski inaweza kukatika umeme ikiwa imeandika nusu ya ukurasa, kwa hiyo kila ukurasa huandikwa kwanza mahali pa akiba panapoitwa doublewrite ndipo upelekwe kwake, nusu ikiharibika kuna nakala nzima. Kwa sababu hiyo umeme ukikatika na ukirudi, InnoDB mara nyingi inajiponya yenyewe inapowaka, kwenye logi utaona crash recovery inatajwa, na kazi yako ni kuiacha. Kwenye databesi kubwa inaweza kuchukua muda mrefu na tovuti imezima na simu zinalia. Iache. Ukiizima katikati inaanza upya.

Naomba hili lisikike Tanga nzima: usifute ib_logfile0, usifute ibdata1, usifute folda ya #innodb_redo. Kuna ushauri unazunguka kwamba ukifuta hizo databesi inawaka. Inaweza kuwaka kweli, ikiwa imekosa lile daftari la pembeni, na mauzo yaliyokuwa hayajahamishiwa yamekwenda.

Ikikataa kabisa kuwaka, inajaribu inaanguka inajaribu inaanguka, hapo kuna innodb_force_recovery. Unaiweka chini ya [mysqld] kwenye my.cnf, faili la mipangilio ya databesi:

innodb_force_recovery = 1

Unawasha. Isipowaka unapandisha 2, halafu 3. Inafika hadi 6. Panda ngazi moja moja. Ya 1 inavuka kurasa mbovu, ya 2 inazuia kazi za nyuma zisianze, ya 3 inaacha kurudisha nyuma miamala ambayo haikukamilika. Kuanzia 4 mambo yanabadilika, inaweza kuharibu data moja kwa moja isirekebishike tena, kwa hiyo 4, 5 na 6 zifanyie kwenye kopi tu, kamwe si kwenye asili. Na elewa kazi ya hali hii: siyo ya kurudisha tovuti hewani. Kwenye MySQL ikiwa juu ya 0 hairuhusu kuandika mstari, kubadilisha wala kufuta. Ni ya kutolea mali ndani ya nyumba inayoungua, unadampu unatoka.

mysqldump tiketi abiria > abiria.sql

Dampu tebo moja moja, siyo databesi nzima kwa mpigo, maana tebo moja mbovu itaangusha seva na dampu yote inakatika. Anza na muhimu. Ukifika kwenye ile mbovu utaona Lost connection to MySQL server during query, seva imeanguka, InnoDB hujizima makusudi ikikutana na ukurasa ulioharibika ili isisambaze ubovu, na hata CHECK TABLE inaweza kuiangusha hivyohivyo, usishtuke. Sasa unaizunguka ile sehemu mbovu. Sema id zinaenda hadi 60000, unajaribu:

mysqldump --where="id < 30000" tiketi malipo > malipo_a.sql

Ikipita, ubovu uko nusu ya juu. Unajaribu chini ya 45000, ikianguka unarudi 37000, hivyo hivyo unakata nusu kwa nusu mpaka unaujua mwanzo wa shimo. Halafu unakuja kutoka upande wa pili, id > 50000, id > 40000, mpaka unaujua mwisho wake. Mara nyingi shimo ni dogo sana, ukurasa mmoja au miwili, mistari kadhaa tu, na data nyingine zote umezitoa salama. Kisu kimoja humo: dampu ya pili ipe --no-create-info. Bila hiyo kila faili la dampu linaanza na DROP TABLE IF EXISTS, kwa hiyo ukiingiza la pili linaifuta ile nusu ya kwanza uliyoitolea jasho. Hili limemkuta mwenzangu wa karibu na sipendi limkute mwingine.

Ukishatoa zote, zima, sogeza folda ya zamani pembeni (isogeze, usiifute), anzisha databesi mpya safi, toa mstari wa innodb_force_recovery, ingiza madampu.

Kuna hali nyepesi pia, logi inakwambia indeksi fulani ya tebo fulani ni mbovu na databesi inaendelea kuwaka. Kama siyo indeksi kuu (primary key), unaidondosha na kuiweka upya, au unajenga tebo yote upya kwa ALTER TABLE malipo ENGINE=InnoDB. Inatosha.

Na kama una bekapu ya usiku wa jana na binlogi za leo, huhitaji mateso yote hayo. Unarudisha bekapu, kisha unachezesha yaliyotokea tangu hapo kwa mysqlbinlog ukimpa --start-datetime na --stop-datetime. MySQL 8.0 binlogi imewashwa yenyewe na inatunzwa siku 30, MariaDB lazima uiwashe mwenyewe kwa log_bin. Nenda kaangalie sasa hivi kama yako imewashwa, mi nakusubiri.

Mistari iliyopotea kabisa je? Itafute nje ya databesi. Wale abiria wetu 31 tuliwapata karibu wote kwa kukaa chini na taarifa ya malipo ya simu, kila aliyelipa ana muda na kiasi na namba, tukalinganisha na logi ya nginx kuona aliyefungua ukurasa wa siti dakika hiyo, na meseji tulizotuma kwao zilikuwa kwenye mfumo wa meseji. Ilichukua siku nzima. Ungekuwa ni mfumo wa duka ungeenda kwenye risiti, wa hospitali kwenye makaratasi ya mapokezi. Mali ikipotea upande mmoja mara nyingi imeacha nyayo upande mwingine.

Kufungua mlango, fungua kidogo. Databesi ikiwaka memori yake iko tupu, kila kitu inakisoma diski, ukiwaachia watu wote wa Idi kwa pamoja itapaliwa. Mi huruhusu kwanza anwani ya ofisi ya stendi peke yake, mawakala wanaingiza yale ya kwenye daftari, mi naangalia SHOW PROCESSLIST na tail -f ya logi, nikiona shwari kwa robo saa ndo naitoa ile 503.

Kisha usilale kabla hujafanya machache. Tebo za MyISAM zihamishie InnoDB, ALTER TABLE abiria ENGINE=InnoDB, fanya usiku maana inafunga tebo. Zitakazolazimika kubaki MyISAM wekea myisam_recover_options = BACKUP,FORCE ili ikijiripea yenyewe na data ikabadilika iache kopi ya .BAK. Acha innodb_flush_log_at_trx_commit iwe 1, najua kuna wanaoweka 2 au 0 ili mfumo ukimbie, lakini umeme ukikatika unaweza kupoteza kama sekunde moja ya mwisho, na sekunde moja ya mkesha wa Idi ina watu ndani yake. innodb_buffer_pool_size, ile memori inayotengewa InnoDB, usiipe memori yote ukasahau PHP na nginx nao wanakula humo humo. Betri ya UPS badilisha, usingoje ikuambie, na joto letu la kaskazi linazimaliza betri haraka ukilinganisha na chumba chenye kiyoyozi.

Bekapu ya kila usiku:

mysqldump --single-transaction --routines --triggers tiketi | gzip > tiketi.sql.gz

Hiyo --single-transaction inakupa picha moja tulivu bila kuwafungia watu, ila ni kwa InnoDB tu, MyISAM haimo, sababu nyingine ya kuhama. Faili litoke nje ya jengo, mi la kwetu linakwenda seva ya Dar kila saa tisa usiku. Na Jumapili moja kila mwezi nalishusha kwenye laptopu, nalifungua kwenye databesi tupu, nahesabu abiria na malipo nalinganisha na za seva, nikiona zimelingana naandika tarehe kwenye daftari lililoning'inia pembeni ya UPS.